Wito wa Harambee: Takometa na Vihesabio kwa Mashine za Karakana Yetu

Kwa wazazi, wahitimu na marafiki wa chuo chetu cha ufundi,

Kamati ya karakana inawaomba mchango wa kununua takometa mbili za mkononi (vyombo vya kupimia kasi ya mzunguko), pamoja na vihesabio vya kielektroniki na vihisio vyake, kwa ajili ya mashine za kukerezea vyuma, mashine ya kunolea na jenereta.

Kwa sasa mwanafunzi husoma kasi kwenye kibao kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Mkanda ukilegea na kuteleza, kibao husema yaleyale ilhali chuma kinazunguka polepole zaidi. Darasani anafundishwa kwamba chuma laini chenye kipenyo cha milimita 50, kikikatwa kwa mwendo wa mita 30 kwa dakika, kinahitaji mizunguko ipatayo 190 kwa dakika. Akifika karakanani hana njia ya kuhakikisha hesabu hiyo ila kusikiliza mlio. Mafundi wa zamani wana masikio mazuri, hilo hatulikatai, lakini sikio la namna hiyo halipatikani kwa muhula mmoja. Kwa takometa, hubandikwa kipande cha utepe unaoakisi mwanga kwenye sehemu inayozunguka, kisha chombo huhesabu mwanga unarudi mara ngapi na kuonyesha mizunguko kwa dakika bila kugusa mashine.

Kwenye mashine ya kunolea, suala ni usalama. Jiwe lenye kipenyo cha milimita 300 lililoandikwa kikomo cha mwendo wa ukingo wake cha mita 33 kwa sekunde halipaswi kuvuka mizunguko 2,100 kwa dakika, na puli (gurudumu la mkanda) iliyobadilishwa kiholela inaweza kulivusha hapo bila mtu kujua, mpaka lipasuke mbele ya uso wa mwanafunzi.

Vihesabio vitafungwa moja kwa moja kwenye mashine ili vijumlishe saa za kazi. Jenereta nyingi za dizeli hubadilishwa mafuta kila baada ya saa 250. Yetu hubadilishwa mtu anapokumbuka.

Michango ya fedha ipokelewe na mhazini wa chuo, ambaye atatoa stakabadhi. Wahitimu mlioko viwandani, vifaa vilivyotumika vinakaribishwa pia, mradi viwe na mchoro wa nyaya na ieleweke vinatumia volti ngapi, kwa kuwa watakaovifunga ni wanafunzi wa umeme wakisimamiwa na mwalimu wao.