Maji Matamu Yanatukimbia

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi za huku pwani. Sote tu wazima, na mama akusalimu sana. Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa moyoni: mbona sisi tumezungukwa na maji pande zote na bado twalilia maji? Wewe uko Mwanza, ukifungua dirisha waliona ziwa, sikulaumu kwa kuuliza.

Maji ya dunia, shoga, asilimia 97 na ushei ni ya chumvi. Hicho kidogo kilichosalia, sehemu kubwa ni barafu huko kwenye ncha za dunia na milimani. Wanadamu twagombania masalio, na katika hayo tunayoyachota, kama asilimia 70 yaenda mashambani.

Lakini yanayoniuma zaidi ni ya hapa mtaani. Kile kisima ulichokuwa ukichotea maji ya kuoga kimegeuka. Zamani chumvi yake ilikuwa kwa mbali tu. Sasa ukifulia, sabuni haitoi povu, na nguo zikikauka zakakamaa. Ukiyapikia chai, maziwa yakatika. Maji ya mfereji yakija ni usiku wa manane, na kuna wiki hayaji kabisa, basi twangoja mikokoteni ipite tununue kwa mitungi ya lita 20. Asiye na mfereji ndiye anayelipa maji ghali kuliko wote, na jambo hili siwezi kulizoea.

Kisima kimeharibika vipi? Chini yetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu. Mvua ikinyesha maji hupenya, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini kwa chini, kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wana hesabu yake: maji matamu yakishuka mita 1, ya chumvi huweza kupanda kama mita 40. Mita 40, Mwanaisha! Na siku hizi kila ploti yachimba kisima na kutia pampu ya umeme, hakuna anayemuuliza jirani pampu yake yavuta kiasi gani. Matundu hayo hayo ndiyo yanayopitisha uchafu wa vyoo vya shimo, ndiyo maana kipindupindu hakitusahau.

Maji ya mfereji nayo yatoka mbali. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo, na bomba lake, lililojengwa miaka ya 1950, lakata zaidi ya kilomita 200 hadi hapa. Maji yenyewe ni mvua ya vilima vya Chyulu, iliyozama kwenye mawe ya volkano na kuibukia Mzima. Kwa hivyo anayekata miti Chyulu atukatia maji sisi, ingawa hatujui wala hatumjui. Mengine yatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Mto huo huko juu waitwa Athi, na matawi yake yapita Nairobi yakazoa taka za mji mzima. Bomba la Mzima lilijengwa kwa ajili ya mji mdogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Mombasa.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2018 Cape Town ilikaribia kufunga mifereji ya mji mzima. Jakarta wamevuta maji ya ardhini mpaka mji wenyewe wadidimia. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Nataka viongozi wetu waulizwe kifungu hicho kila wanapokuja kuomba kura, na mimi nitauliza.

Kwa sasa twataka kukinga mvua. Paa letu la mabati ni kubwa, na masika yote maji yamwagika barabarani bure. Kaka yako aliwahi kujenga tangi la saruji hapo kwenu. Tafadhali mwombe anieleze vipimo, saruji alitumia mifuko mingapi, na alifanyaje mbu wasizaliane ndani. Fundi wa hapa ataka kuanza kabla ya vuli, nami sitaki aanze kwa kubahatisha.

Wasalimie watoto.

Ni mimi shoga yako,
Rukia