Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Wazazi wenzangu, vijana wetu mnaoishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wageni waalikwa, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, tuliiadhimisha, waliolazwa tuliwatembelea, damu tulichangia, na wafiwa tulisimama nao. Sitakawia hapo.

Nina neno kuhusu zile shilingi 60,000. Inasemwa, hasa na watu ambao mkutanoni hawaonekani, kwamba mwenyekiti "alikula fulana". Yaani badala ya kushona fulana na kukodi matatu ya kwenda Nakuru, pesa zilienda kupima damu za kaka na dada za watoto wetu. Ni kweli nililisukuma jambo hilo, kamati ikalipitisha, na ningelisukuma tena.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia hapahapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kando ya ziwa letu alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 kwa kila 100 wamebeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hata mmoja kwa kila 100 hakufika. Tofauti ni malaria. Anayerithi jeni moja hukingwa sana dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hii haikwishi huku kwetu. Hata watoto wadogo waliopimwa magharibi mwa Kenya miaka ya karibuni, kama asilimia 17 walikuwa AS, yaani wana jeni moja tu ya selimundu. Mtoto wa AS anapiga mpira, haumwi, na nyumbani hakuna anayejua. Siku akioa AS mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, mtoto mwenye jeni mbili na ugonjwa wenyewe. Wengi wetu humu tuliingilia mlango huohuo.

Kuna waliosema tungetumia kipimo cha bei nafuu. Kile huonyesha tu kwamba seli zinajikunja. AS na SS hakivitenganishi. Nimeishika kwa mkono wangu kadi ya msichana mzima kabisa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kuwa ana selimundu, kumbe ni AS. Elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachochambua aina za himoglobini, hutenganisha, na ndiyo tuliyolipia.

Mama mmoja analalamika kwamba mwanawe alitoka AA, yaani hana jeni ya selimundu, na bado damu yake iko chini. Mama, kuna pia alfa talasemia, hitilafu nyingine ya damu ya kurithi. Karibu nusu ya watoto wa huku wamerithi jeni yake moja au mbili, na kwa kawaida elektroforesisi haiioni. Hilo msinibebeshe mimi.

Sasa ada. Wanachama 74, waliolipa 29. Deni la mwaka huu pekee ni shilingi 54,000, ya nyuma sijayagusa. Mkutano wa Agosti tulikuwa tisa, na wawili kati yao walikuwa wanajikinga mvua. Mandazi ya siku ile nilinunua kwa mfuko wangu, wala sijadai.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaendelea kuwaomba wa kaunti wapime watoto wachanga kabla hawajatoka wodini, na huenda mfadhili akapatikana wa kutusaidia na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Mazungumzo yapo.

Mweka hazina atasoma hesabu. Mwenye swali kuhusu zile 60,000 aulize leo, mbele ya wote. Kwa simu, usiku, sijibu tena.