Nisomee kiraka hiki kabla ya Ijumaa

Lubumbashi, Katuba

Yaya,

Jambo sana. Huku tuko wazima, ni baridi tu ya mwezi wa saba. Mama habanduki kwenye mbabula. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, nisamehe, nitakueleza tukionana. Leo nina jambo linaloninyima usingizi.

Ile maktaba ya usimbaji fiche ninayoitunza, msimbo ambao programu nyingine huutumia kuficha siri, imetobolewa. Walioiandika wameziba tundu katika toleo jipya, lakini watu wetu wako kwenye toleo la zamani, na tuliwaahidi kwamba hatutawahamisha: tunachukua dawa peke yake na kuirudisha nyuma. Kiraka, yaani hiyo dawa, kikagoma kuingia, faili limebadilika mno. Nikakishona upya kwa mkono siku tatu, umeme ukienda na kurudi.

Mwishoni kikaguzi cha msimbo kikalalamika: hapa panaandikwa kitu kwenye kumbukumbu, halafu hakisomwi popote. Nikafuta mstari. Lalamiko likaisha, majaribio yote yakapita, nikaenda kulala.

Saa tisa usiku nikashtuka. Ule mstari ndio uliokuwa unajaza sifuri pale ufunguo wa siri ulipokaa, kazi ikiisha. Bila shaka hakuna anayesoma hapo tena! Na hakuna jaribio letu hata moja linalochungulia kilichobaki.

Yaya, ni yale yale ya Debian, ule mfumo wa Linux. Mwaka 2006 Valgrind, kikaguzi cha kumbukumbu, ililalamikia OpenSSL, nayo maktaba ya usimbaji fiche, mistari miwili ikaondolewa, na kilichobaki cha kutofautisha namba za nasibu kikawa namba ya mchakato tu, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Ikatangazwa Mei 2008. Muda wote huo watu wanatengeneza funguo ambazo mtu anaweza kuzijaribu zote moja moja! Kusasisha programu hakukutosha, funguo zenyewe zilibidi zitupwe. Na aliyeondoa ile mistari aliuliza kwanza. Hilo ndilo linalonitisha. Mimi sikumwuliza mtu.

Mstari nimeurudisha. Ila memset, amri ya kawaida ya kujaza kumbukumbu, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu inaweza kuifuta yenyewe ikiona haina faida, kwa hiyo nimeweka explicit_bzero, iliyotengenezwa isifutwe hivyo, ambayo glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, inayo tangu toleo la 2.25. Kwangu naona imebaki. Lakini macho yangu yameshauzoea huu msimbo, hata kosa likikaa wazi nitalipita.

Nakuomba ukijenge hiki kiraka kwa -O2, kompaila ikiboresha msimbo, kwenye mashine yako yenye kichakataji cha ARM, ufungue msimbo wa mashine, utazame mwisho wa ile kazi ya kusaini. Ule wito wa explicit_bzero upo? Na njia ya kosa, ile inayotoka mapema kabla ya kufika chini, nayo inafuta? Nimeisoma mara nne na bado... Utapata nafasi kabla ya Ijumaa? Kolwezi mna umeme usiku? Mguu wa mtoto umepona? Mama anauliza kama ulipata ule mfuko wa ndagala, au dereva aliupitisha?

Jibu hata usiku wa manane, simu iko kando ya mto.

Mdogo wako