Malalamiko kuhusu kulabu za kuvutia gari zilizouzwa pamoja na bolti dhaifu

Ifakara,
Mkoa wa Morogoro.
12 Mei 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: BOLTI ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YA PAKITI KATIKA JOZI YA KULABU ZA MBELE ZA KUVUTIA GARI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnamo tarehe 22 Aprili 2025 nilinunua katika duka lenu jozi moja ya kulabu za mbele kwa ajili ya Toyota Hilux yangu, kwa shilingi 185,000, na mzigo ukanifikia kwa basi siku mbili baadaye. Pakiti imeandikwa kwamba kulabu hizo zinafungwa kwa bolti sita za daraja 10.9, yaani daraja la nguvu ya chuma chake, na kwamba uwezo wake ni tani 4.5. Nakala ya risiti na picha za pakiti, za bolti na za chasi nimeziambatisha. Lalamiko langu ni kwamba bolti nyingi kati ya hizo sita si za daraja lililoandikwa, kwamba moja ilikatika mikononi mwangu nikiwa naifunga, na kwamba nilipowapigia simu nilipewa ushauri ambao ungeweza kuua mtu.

Naomba kwanza nieleze kwa nini nilizihitaji kulabu hizi, maana huenda mezani zikaonekana kuwa pambo la gari. Gari langu hupeleka mbegu na mbolea kwenye mashamba ya mpunga upande wa Mlimba na Malinyi, na wakati wa masika hakuna wiki inayopita bila gari kuzama, liwe langu au la jirani. Vile vitanzi vyembamba vilivyo chini ya chasi huwekwa kwa ajili ya kulifungia gari lisisogee linaposafirishwa, wala havikukusudiwa kulichomoa gari lililobeba mzigo kutoka kwenye tope. Wanaofanya kazi ya kukwamua magari hukadiria kwamba gari lililozama hadi usawa wa magurudumu linahitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote, na likizama zaidi ya hapo mvuto unaweza kufika mara mbili ya uzito huo. Hilux yenye mzigo ina uzito unaokaribia tani 3. Mvuto huo wote hupita kwenye kulabu, na kutoka kwenye kulabu hupita kwenye bolti.

Jumamosi tarehe 3 Mei nilianza kazi ya kuzifunga nyumbani. Nilivua bamba linalokinga sehemu ya chini ya injini, nikasugua ncha za chasi kwa brashi ya waya, na kwa kuwa usiku uliotangulia nilikuwa nimeweka mafuta ya kulegeza kutu, nati zilizochomelewa kiwandani ndani ya chasi nilizipitishia tapu, kifaa cha kusafishia nyuzi za nati, ya M12 (yaani ya bolti yenye unene wa milimita 12) yenye hatua ya uzi, yaani nafasi kati ya uzi mmoja na mwingine, ya milimita 1.25, ambayo ndiyo iliyomo katika gari langu, mpaka bolti ya zamani ikaingia kwa vidole bila spana. Kisha nilizifuta nyuzi zote zikakauka, kwa sababu uzi wenye mafuta huivuta bolti kwa nguvu kubwa kuliko ile inayoonyeshwa na spana ya kupimia. Nayaeleza haya kwa urefu kwa kuwa mhudumu wenu alidai, bila kuliona gari, kwamba tatizo ni kutu.

Nilipozimwaga bolti zenu juu ya gazeti ndipo nilipoona kasoro. Mbili tu zilikuwa na alama ya 10.9 kwenye kichwa. Nne zilizobaki vichwa vyake vilikuwa vitupu, havina namba wala alama ya kiwanda, na moja kati ya hizo nne ilikuwa na uzi mpana wa milimita 1.75 ambao haukuweza kuingia zaidi ya mzunguko wa pili. Nakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Niliendelea kwa kuwa karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti yenu inasema bolti zote ni za daraja moja na zikazwe kwa Nm 110 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nami niliyaamini maandishi yenu.

Zile mbili zenye alama zilikaza vizuri na spana ikalia ilipofika 110. Ya tatu, ambayo haikuwa na alama, haikufika huko. Niliihisi ikilainika, spana ikaendelea kuzunguka bila upinzani kuongezeka, kisha kichwa kikakatika na kipande cha chini kikabaki ndani ya nati ya chasi upande wa kushoto. Ili nisije nikamlaumu mtu kwa kosa la mkono wangu, nilichukua nyingine isiyo na alama, nikaifungia nati mpya juu ya jiriwa, nayo ikaanza kuvutika kama ile ya kwanza kabla ya kufika kipimo. Bolti ya daraja 10.9 haifanyi hivyo.

Mnauza bidhaa hizi, kwa hiyo naamini mnafahamu maana ya namba hizo. Namba 10 inasema chuma kitavumilia takriban nyutoni 1,000 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, na 9 inasema hakitaanza kuvutika bila kurudi katika hali yake mpaka kifike asilimia 90 ya kiwango hicho. Kwa bolti ya M12 hiyo ni zaidi ya tani 8 katika mvuto wa moja kwa moja. Bolti laini ya kawaida ya unene huohuo, kama zile zinazouzwa kwa kufungia mageti, huweza kukatika kwenye tani 3 na nusu hivi, na hata chini ya hapo ikivutwa kwa pembeni. Kwa macho huwezi kuzitofautisha isipokuwa kwa ile alama ya kichwani. Kwa hiyo anayefuta alama, au anayechanganya bolti pakitini, anamnyang'anya mnunuzi njia yake pekee ya kujua.

Ninachowaza kila ninapokiangalia kile kichwa kilichokatika ni kwamba bolti ile ingekuwa na nguvu kidogo tu zaidi, ingekaza, nami ningeondoka na kulabu nikiamini kwamba ni nzima. Ingekuja kukatikia shambani, mkanda wa kuvutia ukiwa umejaa nguvu, na kulabu ya chuma ingerushwa kuelekea kwenye kioo cha gari linalovuta au kwa vijana waliosimama kando wakisukuma. Vijana hao ni wanangu na watoto wa majirani zangu.

Jumatatu tarehe 5 Mei niliwapigia simu. Mhudumu wenu, ambaye alizungumza kwa adabu na simlaumu kwa lugha yake, aliniambia nimpelekee fundi aichomelee kulabu kwenye chasi, jambo liishe. Ndugu Meneja, ushauri huo naomba uondolewe kabisa vinywani mwa wahudumu wenu. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilichokwisha kutiwa ugumu kiwandani, iwe ni cha kulabu au cha chasi, na ufa unaoanzia pembeni mwa weldi hauonekani mpaka siku unapoachia. Nilipomuuliza kama hizo tani 4.5 ni mzigo wa kazi, yaani unaovutwa kwa usalama, au ni kiwango cha kuvunjika, hakuwa na jibu, na kwenye kulabu zenyewe hakuna namba yoyote iliyogongwa.

Fundi wa Ifakara alikitoa kile kipande kwa kukitoboa taratibu, akaiokoa nati, na nikamlipa shilingi 45,000. Kulabu nimezifungua zote.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 185,000 za bidhaa na shilingi 45,000 za fundi, na mgharimie usafiri wa kuwarudishia mzigo. Bolti moja isiyo na alama nabaki nayo kama ushahidi. Fedha hizo, hata hivyo, si jambo kubwa kwangu kuliko hili la pili: mwasiliane na kila mtu aliyenunua pakiti ya aina hii, kwa kuwa namba zetu za simu mnazo kwenye risiti, mkamwambie azitazame bolti zake leo, na asiitumie kulabu yenye bolti isiyo na alama mpaka mmempatia nyingine. Pakiti zilizobaki dukani ziondolewe mpaka kila bolti iwe imekaguliwa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipolipata, nitaipeleka bolti niliyonayo Shirika la Viwango Tanzania, na malalamiko haya nitayafikisha rasmi Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mteja, mwenye risiti iliyoambatishwa