Thina na stili waya haziondoi gundi tu

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu namna stika zinavyobanduliwa kwenye magari huko mitaani. Kijana anachukua thina na stili waya, dakika mbili kazi imekwisha, na rangi nayo imekwisha. Klia ya kiwandani, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, haifikii unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Stili waya ikipita hapo inaacha mikwaruzo ambayo waksi haiifuti, inaifunika kwa wiki chache tu. Kama gari lilipulizwa upya kwa rangi isiyochanganywa na hadina (dawa ya kuikaza rangi), thina inaiyeyusha rangi pamoja na gundi.

Stika kuukuu imekaushwa na jua, ndiyo maana inakatika vipande. Ilainishe kwanza. Tumia mashine ya kukaushia nywele, uishike umbali wa shubiri moja, uichezeshe bila kuituliza sehemu moja, mpaka bodi iwe na joto ambalo mkono unalivumilia. Inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, kamwe si bisibisi, kisha vuta polepole ukiikunja stika ijirudie yenyewe. Ukiivuta wima inakatika, au inaondoka na rangi iliyoshika vibaya.

Gundi inayobaki haihitaji nguvu. Subiri bodi ipoe, lowesha flana kwa mafuta ya kupikia au mafuta ya taa (mbali na moto), ilaze juu ya gundi dakika tano hadi kumi, kisha futa kutoka pembeni kwenda katikati ili usiisambaze. Rudia ikibidi. Malizia kwa maji na sabuni ya vyombo. Utelezi ukibaki, stika mpya haitashika.

Kwenye kioo, wembe mpya unafaa: lowesha kwa maji ya sabuni, ulaze wembe, sukuma mbele tu. Ila usiupeleke upande wa ndani wa kioo cha nyuma, utakata nyaya za kuondoa ukungu. Taa za plastiki zisiguswe na petroli wala thina. Hupata vinyufa vidogo na kufifia, na hapo hakuna polishi ya kuzirudisha.

Wanaoacha nailoni ya kiwandani kwenye tangi la pikipiki mpya nao waibandue mapema. Ikipikwa na jua, gundi yake inakuwa ngumu, na rangi iliyo nje ya nailoni inapauka peke yake. Kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) itapunguza tofauti hiyo, si kuimaliza.

Fundi rangi,
Morogoro