Kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kusoma Saikolojia

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia analalamika kwamba umejaza saikolojia kwenye KUCCPS, mfumo wa Kenya wa kuwapangia wanafunzi vyuo, ilhali yeye ameshawatangazia majirani kuwa utakuwa mwalimu. Nimemwambia atulie. Zamu yako sasa, na nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wako njia hiyo hiyo.

Usimdanganye mtu kwamba unaenda kuwa daktari. Anayeandika dawa pale Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, alisoma udaktari kwanza, ndipo akabobea katika magonjwa ya akili. Wewe utashika upande wa mazungumzo, vipimo na utafiti. Na hata huko, shahada ya kwanza pekee haikutoshi kufungua mlango na kupokea wagonjwa. Tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, inayotaka wenye kazi hiyo wasajiliwe. Ukiitamani kliniki, weka hesabu ya uzamili na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Mama aambiwe leo, asije akashtukia siku ya mahafali.

Kitu kingine ni takwimu. Wengi huingia wakidhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu (Krismasi tutakuuliza unaona nini usoni mwetu, mimi nikiwa wa kwanza), kumbe wanakabidhiwa sampuli na majedwali. Usiyakimbie. Vitabu utakavyopewa vimejaa majaribio yaliyofanyiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na bila takwimu utameza kila kitu. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mmarekani Charles Super alichunguza watoto wachanga wa jamii ya Kipsigis kijijini Kokwet, hapa Kenya. Walikuwa wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Wazungu walikuwa wakisema ni maumbile ya Mwafrika tu. Super akatazama akina mama: walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea, makusudi kabisa. Katika mambo wasiyofundishwa, kama kujigeuza, watoto hao hawakuwatangulia wenzao. Mtu aliyeketi maktabani asingeyajua hayo. Nakutakia usomi wa namna hiyo, na watoto wa kuchunguza tunao tele.

Kuhusu kazi: BA ya saikolojia haikupi nambari ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, kwa hiyo kama darasa linakuvuta, soma ualimu kabisa. Wanaomaliza saikolojia huenda kwenye ofisi za rasilimali watu, kampuni za utafiti wa masoko, vituo vya kurekebisha waraibu, na mashirika yanayohudumia wakimbizi Dadaab na Kakuma. Mshahara wa kuanzia mara nyingi si wa kujivunia, na mikataba ya mashirika hufa ufadhili ukikauka. Ndiyo maana nakusihi usome na lugha za watu: mtu aliyefiwa hatakusimulia uchungu wake kwa Kiingereza cha mtihani.

Kabla ya kuthibitisha chaguo lako, piga simu idarani uwaulize wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani, na nani huwasimamia wakiwa huko. Wakibabaika, tafuta chuo kingine. Nauli ya kwenda kukiona nitatoa mimi.

Mjomba wako