Upepo haujapindisha uso wa mwanangu

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu kimyakimya, hata zile tarehe mnazokosea huwa nazimeza, ila ile ripoti ya watoto kupooza uso imenishinda. Eti upepo wa usiku ndo unapindisha mdomo, tufunge madirisha. Ukurasa mzima na picha ya dirisha juu, sikio halijatajwa hata mara moja!

Wangu aliamka mdomo umevutwa upande mmoja, jicho la upande wa pili halifumbi, akinywa maji yanamchuruzika. Tulipokwenda kwanza wakasema kiharusi, bila hata kumwambia ainue nyusi, kitu cha sekunde tu, maana kwenye kiharusi paji la uso kwa kawaida linaendelea kukunjika, lakini neva ya uso yenyewe, ule mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, ikipata shida nusu nzima inalala, paji likiwemo. Pa pili, wakasoma labda gazeti lenu, "ni upepo huo mama", vitamini, nendeni nyumbani. Mi nasema sikio, mtoto anashika sikio analia, naambiwa nisiwe na wasiwasi. Mpaka akatokea mmoja akachungulia, kumbe usaha umejaa nyuma ya ngoma ya sikio! Hiyo neva inapita kwenye kijifereji chembamba cha mfupa palepale sikioni, ikivimba kidogo tu haina pa kwenda, inabanwa. Na siku zote hizo hakuna aliyetuambia habari ya jicho, kwamba lisipofumba linakauka na kioo chake kinaweza kupata kidonda, litiwe matone ya kulilainisha mchana, usiku mafuta ya macho na kufungwa vizuri. Lilikuwa jekundu, jamani.

Sijasema kila mtoto ni sikio. Wengi chanzo hakionekani, ndo unaoitwa ugonjwa wa Bell, na wengi wao wanapona wenyewe, hilo nalo mmeliacha. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2022 uliwapa watoto wengine prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, wengine dawa bandia, baada ya mwezi tofauti ya maana haikuonekana, na kufika miezi 6 karibu wote walikuwa wamepona. Ila presha ipimwe, kuna mtoto presha ndo imempoozesha uso, na mara chache sana ni saratani ya damu. Hayo dirisha litakwambia?

Halafu nyie wa simu, mnaomwambia mtoto "hebu cheka tuone" huku mnarekodi, sijui mnakuwaga na watoto nyumbani au vipi.

Ombi langu: toleo lijalo mchore sikio, kubwa, palepale mlipoweka dirisha. Na mwandishi wenu kabla hajashika kalamu tena alale usiku mmoja kope ya jicho moja imebandikwa plasta isifumbe, madirisha afunge yote, asubuhi atueleze upepo ulimfanyaje.

Mama aliyechoka